Andikeni Bei: Barua ya Wazi kwa Wauzaji wa Mtandaoni wa Kariakoo

Ndugu zangu mnaouza nguo, viatu na mablanketi kwa Instagram, TikTok na WhatsApp kutoka Kariakoo na mitaa inayoizunguka,

Nawaandikia kutoka Njombe mjini, ninakoendesha duka dogo la nguo. Sehemu kubwa ya mzigo wangu nainunua kwenu kwa simu, maana nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, ukiongeza gesti na chakula, humaliza faida ya mzigo mdogo kabla haujatoka stendi. Wenye maduka kama langu wapo Makete, Ludewa, Songea, Mpanda, Kibondo. Sisi ndio tunaoandika "bei?" chini ya picha zenu, na ninyi ndio mnaotujibu "njoo DM".

Ombi langu ni moja: andikeni bei.

Najua si jambo jipya. Watu wamelifanyia utani na vichekesho miaka mingi, na bado kila asubuhi nakutana na picha nzuri ya koti, maelezo yaliyojaa alama za moto na mioyo, namba mbili za simu, jina la mtaa, jina la jengo, ghorofa ya ngapi na duka la ngapi kutoka kwenye ngazi. Kinachokosekana ni kile tu ambacho mnunuzi hukitafuta kwanza. Utani haujasaidia, basi leo tuongee kwa utulivu. Wengi wenu nimewauliza kwa nini mnaficha bei, mkanijibu kwa uungwana, na sababu mlizonipa si za kipuuzi. Ndizo ninazotaka kuzijibu.

Inayosemwa zaidi ni ya majirani. Ukiandika kwamba koti ni shilingi 28,000, wa duka la pili ataandika 27,000 jioni hiyo hiyo, na wa tatu atashuka hadi 26,500. Hofu hiyo naielewa. Mzigo wa kontena moja unagawanywa kwa wauzaji wengi, na koti linalotundikwa Mtaa wa Kongo ndilo hilo hilo linalotundikwa Msimbazi. Lakini jirani huyo anashindwaje kuijua bei yako? Anamtuma kijana wake aje dukani kujifanya mteja. Au anakuandikia DM kwa akaunti ya mdogo wake, nawe unamjibu haraka kuliko unavyonijibu mimi. Jirani anaijua bei yako kabla ya saa nne asubuhi. Aliyefichwa ni mimi, nisiye na kijana wa kumtuma.

Wengine mmeniambia kwamba biashara yetu ni ya maongezi, na bei iliyoandikwa huua maongezi. Mimi nimekulia sokoni, na sijaona maongezi yanayoanza bila bei. Mama wa viazi hapa Njombe anakutajia bei ya ndoo kabla hujainama kuvigusa. Hapo ndipo unaposhika kiuno, unacheka, unataja yako, na biashara inaanza. Anayekataa kutaja bei kabla hamjasogea pembeni ni dalali wa viwanja. Andika bei, kisha ongeza "maongezi yapo" kama kweli yapo. Afadhali zaidi uandike zote: rejareja 28,000, kuanzia pisi sita 24,000, dazani tupigiane simu. Mstari huo mmoja unamwambia mwenye duka kwamba unauza jumla, unamwambia mnunuzi wa moja kwamba naye hakufukuzwa, na unamwambia mwenye elfu kumi na tano mfukoni kwamba asikusumbue wala usimsumbue.

Kijana mmoja alinieleza nadharia ya kitaalamu zaidi: maswali mengi chini ya picha huifanya Instagram iisukume picha hiyo kwa watu wengi, kwa hiyo kila anayeandika "bei?" anamfanyia tangazo la bure. Ni kweli mitandao hii hutazama watu wanafanya nini na picha. Lakini Adam Mosseri, anayeiongoza Instagram, alieleza hadharani mwaka 2025 kwamba vinavyopewa uzito zaidi ni muda ambao watu hutazama, kiasi wanachopenda, na kiasi wanachotumiana. Hilo la kutumiana ndilo linalonihusu. Nikiona koti zuri namtumia mteja wangu wa Makambako. Kama lina bei, ananijibu "nichukulie mawili". Kama halina, ananiuliza mimi, mimi nakuuliza wewe, wewe unanijibu usiku, na asubuhi yeye ameshanunua sweta la mtumba mnadani. Kwa hiyo picha zisizo na bei siku hizi siwatumii watu. Sitaki kugeuka tarishi wa swali.

Kuhusu bei kupanda na kushuka, hapo mna haki. Mzigo wa China unanunuliwa kwa dola, na sote tunakumbuka dola ilivyotoka kwenye shilingi 2,300 na kitu mwanzoni mwa 2023 ikapita 2,700 mwaka uliofuata. Lakini mkate nao hupanda bei, na muuza mkate hajawahi kuniita pembeni. Andika "bei ya wiki hii" na tarehe. Tena mna stetasi ya WhatsApp, ambayo hufutika yenyewe baada ya saa 24. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kuweka bei ambayo kesho huenda isiwepo.

Hofu nyingine husemwa kwa sauti ya chini, nayo ni ya kodi. Bei ikionekana, mtu wa TRA, mamlaka ya mapato, atapiga hesabu. Lakini mtu wa TRA anayetaka kukupata umeshampa jina la jengo na ghorofa. Bei uliyoificha haikufichi wewe. Na kwa wadogo kabisa sheria imeacha nafasi: katika kodi ya makadirio, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Aliyevuka hapo anadaiwa, awe ameandika bei au hajaandika.

Ipo sababu moja ambayo hakuna aliyenitajia, nami naitaja kwa kuwa wanunuzi wote tunaishuku. Bei ya DM inaweza kufuata sura ya anayeuliza. Mwenye picha ya wasifu aliyopigwa kando ya gari la shemeji ana bei yake, na mwenye picha ya ua waridi ana yake. Niliwahi kuulizia blanketi moja kwa namba yangu na kwa namba ya binti yangu, siku moja, duka moja, tukapewa bei mbili. Huenda muuzaji alisahau tu. Lakini mnunuzi aliyefichwa bei hana namna ya kutofautisha usahaulifu na ujanja, na mimi ninayenunua ili nikauze siwezi kufanya kazi na mtu ambaye bei yake siijui mpaka aijue picha yangu.

(Na hili la kuitwa "kipenzi" na "mamii" na mtu ambaye bado hajaniambia koti ni shilingi ngapi, kwa leo tuliache. Nina umri wa kuwa mama wa wengi wenu. "Mama" inatosha, hata "dada" nikipendelewa.)

Sasa hesabu, maana sisi sote ni watu wa hesabu. Tuseme picha yako moja imeleta watu 60 wanaouliza bei. Kumsalimia mtu, kumjibu, kusubiri aseme "sawa" na kunyamaza, ni dakika mbili ukifanya haraka. Hayo ni masaa mawili ya siku yako, na katika masaa hayo mteja aliyesimama dukani anakuangalia ukichapa simu. Kati ya hao 60, waliokuwa na uwezo wa bei hiyo labda ni kumi na tano, na arobaini na tano umewajibu ili waondoke. Bei ingewaondoa yenyewe bila kukugharimu kitu. Na hao kumi na tano wanaokufaa wamekaa kwenye foleni moja na wale, wakisubiri zamu. Mimi huuliza saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua duka. Mkinijibu saa nne usiku, siku yangu ya kununua imeshapita.

Halafu wapo wasiouliza kabisa, na hawa hamwaoni kwenye takwimu yoyote. Kuna mama mtu mzima anayeona aibu kuuliza bei kisha kukiri kwamba hana. Kuna mwanamume anayetaka kumnunulia mkewe dera na hataki historia ya mazungumzo ya siri na msichana wa dukani ibaki kwenye simu yake. Kuna mwenye bando la kupima, ambaye kila ujumbe wa kwenda na kurudi anauhesabia. Kuna mtu wa umri wangu, ambaye ameamua tu kwamba habishi hodi kuuliza kitu ambacho kingeandikwa mlangoni. Wanapita kimya. Nanyi mnaona watu waliotazama, mnaona hawakununua, mnasema mtandao umekufa, mnakwenda kumlipa mtu maarufu awatangaze.

Mimi pia nauza kwa stetasi, kwa wateja wangu wa hapa mjini na wa vijijini. Naandika bei juu ya kila picha. Wateja wangu huja na hela mkononi na kusema "nipe lile la elfu thelathini". Wengine huja kuniomba nipunguze, na wengi wao nawapunguzia, lakini hakuna anayekuja kuniuliza ni shilingi ngapi.

Programu ya WhatsApp Business imekuwapo tangu 2018, ni ya bure, na tangu 2019 ina katalogi yenye nafasi ya bei kwa kila bidhaa. Wengi wenu mnayo. Nimezifungua katalogi zenu. Nafasi ya bei mmeiacha tupu, au mmeandika shilingi 1.

Msidhani sijaona wanaofanya vizuri. Yupo kijana mmoja ninayenunua kwake, simtaji jina kwa kuwa hakunituma kumtangaza. Wafuasi wake ni wachache kuliko wa wengi wenu. Hana muziki kwenye video zake, hachezi, hajavaa miwani. Analitundika koti mlangoni pa duka kwenye mwanga wa asubuhi, analigeuza mbele na nyuma, anafungua zipu, anavuta mshono ili tuone kama unaachia. Kisha anaweka futi ya fundi kifuani na kusoma kwa sauti: inchi arobaini na mbili. Mkono: ishirini na nne. Hili la futi ni kubwa kuliko mnavyodhani. XL ya kiwanda kimoja cha China ni M ya kiwanda kingine, na "free size" ni kichekesho kwa mwanamke wa Njombe anayevaa sweta juu ya sweta. Nikiwa na inchi najua koti hilo ni la mteja wangu yupi, kwa jina.

Halafu anataja bei tatu, anataja zimebaki ngapi, na anamaliza kwa sentensi ambayo nimeisikia kwake tu: "Wa mikoani, hela ikinifikia kabla ya saa tisa, mzigo unapanda basi leo." Basi. Sitafuti zaidi ya hapo. Nalipa kwa Lipa Namba, jina la duka linajitokeza kwenye simu yangu kabla sijaweka namba ya siri, na ni jina lile lile lililo kwenye ukurasa wake. Jioni ananitumia picha ya risiti ya mzigo, jina la basi na namba ya kondakta. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mzigo ulioondoka Stendi ya Magufuli jioni naukuta hapa asubuhi. Hatujawahi kuonana. Nikipotea wiki mbili ananiuliza kama naumwa.

Linganisheni na hili ambalo ni la kawaida zaidi. Picha ni ya kiwandani, mzungu amevaa koti kwenye theluji. Bei imepatikana baada ya safari ya DM. Namba ya kupokelea hela ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa. Wewe unajua ni namba ya mke wako au ya dada wa dukani. Mimi najua kwamba kila mwenye simu nchi hii ameshapokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kidole kinasimama. Kama lazima utumie namba yenye jina la mtu mwingine, sema mapema, kabla sijakutana nalo peke yangu. Bora ujisajilie Lipa Namba, ambayo mitandao mikubwa ya simu inayo.

Na picha ya theluji iondoeni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, lakini sisemi hivyo kwa ajili ya sheria. Koti lililofika likiwa jembamba kuliko la kwenye picha, mimi ndiye ninayesimama nalo dukani mbele ya mzee aliyetoka Lupembe asubuhi na mapema kulifuata. Ninyi mmeandika kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi siwezi kumwambia hivyo mtu ninayesali naye kanisa moja.

Nina jambo kuhusu majira. Ukifungua takwimu za akaunti ya biashara ya Instagram utaoneshwa wafuasi wako wapo miji gani. Fungueni. Mtakuta Mbeya, Iringa, Arusha, Songea, pengine na sisi. Sasa tazameni mnachoposti mwezi wa Mei: vitopu, kaptura, viatu vya wazi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita hadi wa nane hapa watu wanaota moto, na mashambani kuna asubuhi ambazo sakitu inaunguza majani ya viazi. Mwenye duka huku hununua masweta mwezi wa tano, kabla ya baridi, na hela yake inategemea mahindi, viazi na parachichi za wateja wake. Mwenye kuijua kalenda hiyo anaweza kuuza robota zima kwa posti mbili. La kushangaza ni kwamba wengi wenu kwenu ni huku huku. Wakinga wa Makete mmejaa Kariakoo, mkija Desemba mnajaza barabara magari. Bibi zenu wanavaa mablanketi mchana. Hii kalenda mnaijua tangu utotoni, ila mkishika simu mnaandika kama watu ambao hawajawahi kuvuka Morogoro.

Kwa mawinga, ninyi mlio na ukurasa lakini hamna duka: sina ugomvi nanyi. Miguu yenu inanipandia ghorofa ambazo siwezi kuzipanda, na cha juu chenu ni ujira wa kazi. Ninachoomba ni mseme. "Nimepiga picha leo dukani kwa watu, nitathibitisha kama upo kabla hujalipa." Sentensi hiyo ingeniokoa na yale maneno ya "mama, ule umeisha, nikupe wa pinki?" yanayokuja hela ikiwa imeshatoka.

Mnapenda pia kuposti wateja wenu. Mteja amependeza, mteja wetu wa nguvu, asante kwa kutuamini. Mwenye kukubali, vizuri. Lakini muulizeni kwanza, na msiwaposti watoto kwa sababu tu mama yao alinunua viatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na imeanza kutumika tangu Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Jirani zetu Kenya wameshaonja: mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Kibaya zaidi ni skrinishoti. Mteja kaomba apunguziwe mpaka ukakasirika, au kaagiza akazima simu, nawe unamwanika na namba yake, watu wanacheka. Wanaocheka ni wateja wako, na kila mmoja anajifunza kitakachompata siku akikuudhi. Mimi nikiona hivyo mara moja kwenye ukurasa, naacha kuufuata.

Mashindano ya zawadi, ya "tagi marafiki kumi ushinde blanketi", hayo nayapita. Yanaleta watu wanaotaka blanketi la bure.

Lakini daftari la wateja siwezi kulipita. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini siku ya uchaguzi na siku zilizofuata. Ukiacha hayo, kila mwezi nasikia muuzaji aliyeporwa akaunti kwa kumpa mtu ile namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe, na wafuasi aliowakusanya miaka mitano wakaanza kuuziwa na tapeli kwa jina lake. Washeni uthibitisho wa hatua mbili leo. Kisha nunueni daftari, au andikeni popote pasipotegemea mtandao: jina la mnunuzi, mji wake, namba yake, saizi anazochukua, basi analotumia. Wafuasi elfu arobaini ni wa Instagram. Wenye maduka thelathini walioandikwa kwenye daftari ni wako, na ukiwapigia simu ya kawaida au ukiwatumia ujumbe mfupi watakuelewa. Na mkitaka kututumia bidhaa mpya kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, tuambieni tuhifadhi namba zenu kwanza, kwa sababu asiyekuhifadhi ujumbe huo haumfikii. Wengi mnatuma mkidhani tumewapuuza, kumbe hatujapokea.

Nimesema mengi, lakini nikibanwa nitarudi kwenye moja. Haya mengine yote, futi, basi, Lipa Namba, daftari, yanafanya kazi kwa mtu aliyeshaijua bei. Asiyeijua hafiki huko.

Sasa nina oda. Nahitaji masweta ya wanaume yenye kola, kifua inchi 42 hadi 48, rangi za giza, dazani mbili. Majaketi ya watoto wa shule ya msingi, bluu iliyokoza, yenye bitana ndani, dazani tatu, saizi mchanganyiko. Mablanketi mazito ya futi tano kwa sita, kumi kwa kuanzia. Nikiridhika nayo nitaongeza. Vyote viwe vimefika Njombe kabla Mei haijaisha. Mwenye mzigo huo apige picha yake mwenyewe, aonyeshe futi, ataje bei ya jumla na gharama ya kuufikisha stendi. Asinitumie DM. Aweke kwenye ukurasa wake hadharani, ili na mwenzangu wa Makete aione akitaka kununua.

Mnunuzi wenu,
Mama mwenye duka la nguo, Njombe mjini